Msuka Nilioung'arisha

Whitehall, Columbus
Jumapili, alasiri

Baba yangu,

Shikamoo. Mpe na Mama shikamoo yake, ila barua hii nakuomba uisome kwanza wewe peke yako mpaka mwisho, ndipo umsomee yeye. Macho yanaendeleaje? Mama aliniambia la kushoto limeanza kutoa machozi tena, na kwamba ile miwani ya kuzuia cheche niliyokutumia umeitundika ukutani kama picha ya harusi. Baba, ile si pambo. Ivae. Na kifua? Naijua baridi ya Sumbawanga ya miezi hii, ule upepo unaopita chini ya mlango wa karakana na kukukuta umelowa jasho mbele ya moto. Natumaini ulezi umeshaingia ndani na mbuzi wa Mama hawajatuletea kesi kwa jirani mwaka huu.

Mimi mwili ni mzima. Nakuandikia karatasi kwa sababu simu unaisikiliza kwa spika, na kila aliyekuja kunolewa jembe huzisikia habari zangu kabla wewe hujazielewa. Barua hii ataileta mwalimu mmoja wa Mbeya aliyemaliza masomo hapa Columbus. Anaondoka keshokutwa na ameahidi kuifikisha mkononi mwako.

Kama unavyoona hapo juu, siko Buffalo. Niko kwa dada yako, Shangazi Hilda, nimelala kwenye kochi lake siku ya nne leo. Kazi ya Buffalo nimeiacha. Naomba usikasirike kabla hujafika mwisho, na ukifika mwisho ukikasirika nitakuwa sina la kusema.

Mwaka jana nilikueleza kidogo juu ya Mzee Russell, yule mzee aliyefiwa na mke, anayeishi North Buffalo, ambaye ofisi ilinipanga kumhudumia mchana siku tano kwa wiki. Nilikuwa nampikia, namkumbusha dawa, namsaidia kuoga, namfulia. Nilikuambia alifanya kazi kiwanda cha chuma. Sikukuambia kwamba yeye pia ni mhunzi. Nimejiuliza kwa nini nililinyamazia hilo, na jibu si zuri: nilitaka kuwa na kitu kimoja huku ambacho ni changu kabla hakijawa chako.

Kiwanda kilipofungwa, Mzee Russell alikwenda kujifunza kufua panga za Kijapani. Hakwenda Japani. Kulikuwa na mwalimu Mjapani aliyehamia huku, akiishi shambani mwendo wa saa mbili kutoka Buffalo, na Mzee alimfuata kila mwisho wa wiki kwa miaka saba. Miaka miwili ya mwanzo alikatakata makaa tu. Upanga wa kwanza ambao mwalimu aliukubali ndio huo aliobaki nao. Umepinda kidogo, na karibu na makali kuna mstari mweupe kama ukungu wa asubuhi. Mstari huo hautokani na kunoa. Kabla ya kuuchovya majini huupaka udongo, mzito mgongoni na mwembamba upande wa makali, ili mgongo upoe polepole na makali yapoe ghafla. Aliponieleza hayo nilitamani ungekuwepo umuulize maswali, maana yangu yaliisha upesi.

Mikono yake ilipoanza kutetemeka alinifundisha mimi kuutunza. Mara moja kwa mwezi, baada ya chai ya asubuhi, nanawa mikono na kuikausha kabisa. Nauweka upanga mapajani ukiwa ndani ya ala, makali yakitazama juu, kisha nauchomoa taratibu ili mgongo ndio uteleze juu ya mbao. Nafuta mafuta ya zamani kwa karatasi laini, mkono ukitoka mpinini kwenda nchani na kamwe usirudi nyuma. Kuna kifundo cha hariri chenye unga wa jiwe la kunolea. Nakigongesha juu ya chuma, unga unadondoka kama poda ya mtoto, nafuta tena. Halafu mafuta mapya, matone machache, yaliyotiwa karafuu kidogo mpaka sebule inanukia kama jikoni kwetu siku ya pilau. Mafuta yakizidi yanakusanya vumbi. Kidole hakigusi chuma hata mara moja, kwa sababu jasho lake litaotesha kutu baada ya siku chache. Na muda wote huo hakuna kusema, maana hata mate yanayoruka yanatosha kuharibu. Mzee alikuwa anakaa mbele yangu amefunga mdomo, ananirekebisha kwa nyusi.

Sijui kama naweza kukueleza saa ile ilikuwa nini kwangu. Wiki nzima mimi ni mtu wa kupangusa na kukunja. Saa ile nilikuwa mtu anayefundishwa.

Kitu kimoja hakuwahi kunionyesha: msuka, ule mkia wa chuma uliomo ndani ya mpini. Aliufungua mara moja tu kwa mwaka, siku ileile aliyoumaliza upanga, mbele ya binti yake Joan anayeishi Louisville. Mimi nilikuwa sijatimiza mwaka pale.

Baridi ilikuwa inaelekea kwisha. Nyumba zao hupashwa joto miezi mitano mfululizo na mbao hukauka mpaka zinalia. Siku ya kuutunza upanga Mzee alikuwa na mafua, akaniambia nifanye peke yangu, yeye atajilaza. Nilipoushika nilihisi mpini unacheza. Kidogo sana, kama jino la mtoto.

Baba, unajua nilichofanya. Mtu mwingine angesubiri mwenyewe aamke. Mimi ni mtoto wa karakana yako. Tangu lile shoka lilipochomoka na kumvunja mguu mpasua kuni wa sokoni, ulijiwekea sheria: chombo chenye mpini unaocheza hakirudi kwa mtu mpaka mpini utolewe na msuka usuguliwe uwe mweupe, kwa sababu kutu ya ndani ya mpini haionekani na ndiyo inayoua. Jumamosi zote za utoto wangu zilikwenda kwenye misuka ya watu, mchanga na majivu mpaka kwenye kucha. Ulikuwa unaipokea mmoja mmoja, unaigeuza kwenye mwanga, na ukiona doa jeusi unanirudishia bila neno.

Nilibeba upanga hadi banda la gari, kwenye benchi lake la kazi. Nilisukuma kigingi cha mwanzi kwa msumari butu, mpini ukatoka. Msuka wote ulikuwa kutu. Kahawia iliyokolea, karibu nyeusi. Nilishtuka kama mtu aliyefungua bandeji. Nilijisemea, miezi yote hii nampaka karafuu usoni na huku ndani anaoza. Niliona aibu, Baba, na aibu yenyewe ilikuwa mbele yako, si mbele yake.

Nilisugua zaidi ya saa nzima. Kwanza msasa wa maji niliouona pale benchi, kisha majivu kutoka mekoni mwa sebule, mwishoni ndimu. Kulikuwa na maandishi ya Kijapani yaliyochongwa kwa patasi. Nilichonga kijiti ili kutu itoke hata ndani ya mistari. Nilipomaliza ulikuwa unang'aa kama kijiko. Niliurudisha, nikakaza kigingi, na sikumwambia. Siku yake ya kuufungua ilikuwa imebaki wiki tatu na nilitaka aone mwenyewe. Nilikuwa nimeshamsikia kichwani mwangu akiniuliza ni nani aliyenifundisha kazi safi namna hii.

Mimi niliyesimama mbele ya kidato cha tatu nikawafundisha kemia ya kutu, nikawaambia ipo inayokula chuma na ipo inayokifunika. Mikono iliwahi kabla ya kichwa.

Siku ilipofika Joan alikuja na keki ndogo. Ni mama wa watu wazima, mpole, mwenye haraka, na siku zote nilihisi ananipenda kidogo kuliko alivyopenda kuonyesha. Walikaa mezani. Mzee alikitoa kigingi mwenyewe, na siku hiyo mikono yake haikutetemeka. Mpini ukatoka. Joan ndiye aliyesema kwanza.

"Baba, umefanya nini?"

Mzee aliugeuza msuka huku na huku. Alipitisha kucha juu ya maandishi, yaliyobaki kama mikwaruzo kwenye sabuni. Kisha akauweka juu ya kitambaa na kuitazama mikono yake yote miwili, nje na ndani.

"Sikumbuki," alisema.

Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la chai. Sentensi niliyopaswa kuisema ilikuwa fupi, na Kiingereza chake nilikuwa nacho.

Joan alinifuata jikoni, akafunga mlango, akanieleza ninachopaswa kujua. Kwa panga zile kutu ya msuka haiguswi na mtu yeyote. Ndiyo umri wake. Anayejua huangalia pale kabla ya kuangalia makali, na rangi ile haitengenezwi, inangojwa. Ilikuwa imengojwa miaka thelathini na minane. Yale maandishi aliyachonga mwalimu kwa mkono wake siku alipomwambia Mzee kwamba sasa yeye ni mhunzi, na mwalimu alishafariki. Joan alilia kidogo, akajifuta kwa taulo ya vyombo. Alikuwa ameshakwenda bandani akaukuta msasa. "Kwa hiyo ni kweli akili inamtoka," aliniambia. "Sufuria anazounguza naweza kuzivumilia. Kuniita kwa jina la mama naweza kuvumilia. Lakini ule msuka ulikuwa kitu cha mwisho duniani ambacho angekigusa." Akaniuliza kama nimeona dalili nyingine. Nilimjibu kwamba wiki iliyopita alisahau kuzima jiko. Ilikuwa kweli, Baba. Nilimpa kweli moja ili nisimpe nyingine.

Nilijiambia nitasema kesho. Nilijiambia Mzee atasahau. Nilijiambia nikisema ofisi itaniandika jina baya na nitakosa kazi kila mahali, na hilo lilikuwa na ukweli wake. Lakini nikijichunguza bila huruma, sikuogopa hayo. Niliogopa kuwa binti wa mhunzi aliyeharibu chuma. Afadhali awe yeye, nilifikiri, yeye ni mzee, wazee wanaharibu vitu. Nimeliandika hapa ili liwepo mahali.

Baada ya siku ile alianza kubandika karatasi ndogo kila mahali, kwa mwandiko wake wa kuchora: nimezima jiko, nimekunywa dawa nyeupe, mlango nimeufunga mimi. Mwezi ulipogeuka nikaleta kifundo cha unga na mafuta, na yeye akasogeza kiti mbali, akageukia dirisha. "Fanya wewe," alisema. "Mimi siaminiki karibu nao." Nikaupaka mafuta nikiwa peke yangu mezani, mkono ukienda mbele bila kurudi, kama alivyonifundisha. Hakukuwa na nyusi za kunirekebisha.

Wiki ya nne Joan alimchukua kwenda Louisville, kwenye nyumba ya wazee iliyo karibu na kwake. Upanga aliuweka kwake yeye, maana pale hawaruhusu kitu chenye makali. Ofisi ikanipanga kwa mama mmoja wa upande wa magharibi. Nilifanya kazi, nilikula, nilikwenda misa. Nadhani hakuna aliyenitazama akaona kitu.

Halafu siku moja nikiwa Grant Street, dukani kwa Mama Furaha, Mkongo anayetuuzia unga na dagaa, nimesimama kwenye foleni, Joan akanipigia. Alitaka kujua nilikuwa naweka wapi ile chupa ya mafuta ya karafuu. Nikamwelekeza. Nikamuuliza Mzee anaendeleaje, kwa sauti ya adabu. Akasema kula anakula. Akasema ila amekataa kunyoa ndevu mwenyewe, na hataki hata kufunga vifungo vya shati. Anawaambia wauguzi kwamba mikono yake inafanya mambo bila yeye kujua.

Niliacha dagaa pale kaunta. Mama Furaha aliniita, akasema, "Dada, bon, unalipa ama hulipi?" Nikatoka nje bila kumjibu, mimi unayenijua kwa kuomba radhi hata kwa viti.

Niliiambia ofisi naacha kazi, na nikawaambia sababu. Yule bibi wa ofisini aliandika kitu, akasema watanijulisha. Nikapanda basi hadi huku Columbus, kwa sababu Shangazi Hilda ndiye mtu pekee mwenye gari ambaye siwezi kumwonea haya. Nilimweleza akiwa anakaanga samaki, hakugeuka.

"Kwa hiyo niache siku yangu moja ya mapumziko," alisema, "niendeshe saa tatu na nusu hadi Louisville, ili wewe ukamwambie Mzungu kwamba umemchukulia akili yake?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Na yeye ameshazoea bila hiyo akili."

"Hajazoea."

Akageuza samaki. Akasema tangu mdogo niko hivyo, eti nikiishiwa dhambi zangu naungama za wenzangu, mpaka padri wetu akiniona kwenye foleni anajifanya ana msiba. Akasema nimesoma mpaka nimesahau kunyamaza. Mimi nikamwambia tatizo ni kwamba nilinyamaza. Ijumaa asubuhi nilimkuta ameshawasha gari, amefunga karanga kwenye karatasi, anaulizia kama nimebeba maji.

Chumba cha Mzee kiko chini, dirisha linatazama magari yaliyoegeshwa. Joan alikuwepo, nilikuwa nimempigia kwamba nakuja. Mzee amekonda. Ndevu alikuwa amenyolewa na mtu mwingine, vibaya, zimebaki chini ya kidevu. Aliponiona alicheka.

"Umetoka Buffalo kuja kuniogesha? Hapa wanaye mtu. Ana mikono kama samaki."

Nilikuwa nimetayarisha maneno njia nzima. Yote yalikwisha.

"Mzee, msuka niliusugua mimi," nilisema. "Siku ile una mafua. Si wewe."

Joan alisimama. Mzee hakusogea. Aliniuliza kwa nini, na nikamweleza sheria yako, na shoka, na mpasua kuni, na Jumamosi zangu. Alinisikiliza mpaka mwisho kama anavyosikiliza mhunzi, akitazama mikono yangu na si uso.

"Msasa upi?"

"Ule mweusi wa maji uliokuwa benchini. Halafu majivu. Halafu ndimu."

"Ndimu," alisema, na akafumba macho kama mtu aliyekanyagwa kidole.

Nilidhani amesinzia. Alipofumbua macho hakuwa yule niliyemzoea.

"Upanga ni chuma," alisema. "Upanga ningekusamehe palepale mezani. Lakini wiki sita nimekaa nikiiogopa mikono yangu. Unadhani Joan ndiye aliyenileta hapa? Nilimwambia mimi. Nilimwambia mtu anayeweza kuusugua msuka ule na asikumbuke hafai kuachwa na kiberiti. Niliondoka nyumbani kwangu kwa miguu yangu kwa sababu ya kitu ambacho sikukifanya, na wewe ulinifungia begi."

Nilimfungia begi, Baba. Nilikunja mashati yote.

Sikulia, kwa sababu kulia pale kungekuwa kumwomba anibembeleze. Nilisema, "Ndiyo."

Akamwambia Joan alete karatasi na kalamu. Aliniambia kwamba kwa wahunzi wa panga zile, mtu akiugusa msuka, iwe kuukata, iwe kuuchonga upya, huacha maelezo ili atakayeushika baada ya miaka mia asidanganyike. Nitaandika nilichofanya, siku niliyofanya, kwa vitu gani, na jina langu kamili. Karatasi itakaa na upanga siku zote. Niliandika nimepiga magoti kando ya kitanda chake, na nilipokosea alinirekebisha. Kisha akasema, "Sasa andika jina la aliyekufundisha."

Kalamu ilisimama.

Nikamwambia kwamba aliyenifundisha ni baba yangu, na kwamba alichonifundisha ni sahihi kwa majembe na mashoka, na kwamba siwezi kuliweka jina lake kwenye kosa langu bila kumuuliza. Mzee akasema jina la mwalimu haliandikwi kama lawama. Linaandikwa ili ijulikane mkono ulitoka wapi. Akasema ndimu ni yangu mwenyewe, lakini uvumilivu wa kuingiza kijiti kwenye kila mstari sikuzaliwa nao.

"Muulize," alisema. "Lakini usichelewe tena. Mimi sina wiki sita nyingine za kukupa."

Joan alinisindikiza hadi mlangoni. Alisema hatanishtaki popote. Alisema pia nisidhani baba yake atarudi Buffalo, kwa sababu nyumba imeshapata wapangaji, na sufuria ziliungua kweli, na jina la mama yake alimwita kweli. "Hata ungesema siku ile, huenda tungefika hapahapa," alisema. "Lakini angefika akiwa mtu mwingine." Hakunipa mkono. Sikutegemea.

Garini Shangazi alisubiri tuvuke daraja la mto, ndipo akanisogezea karanga zilizobaki. Jana Joan ameniandikia mstari mmoja: Mzee ameomba wembe wake, amejikata mara mbili, na amemfukuza muuguzi aliyetaka kumsaidia. Nimeusoma mara nyingi mno. Najizuia usinifariji.

Baba, kuna wiki katika zile sita nilikulaumu wewe. Nilisema moyoni, kwa nini hakuniambia kwamba kuna chuma ambacho kutu yake si ugonjwa. Lakini wewe hukuwahi kukiona chuma hicho. Ulinifundisha ulichokijua, mpaka mwisho wake, na mimi ndiye niliyekipeleka mahali ambapo hujafika na sikuuliza njia.

Kwa hiyo naomba. Kwenye karatasi ile kuna mstari mmoja nimeuacha wazi. Ukikubali, jina lako kamili litaandikwa pale, na litakaa na upanga wa mtu usiyemjua, chini ya maneno yanayosema binti yako aliuharibu. Ukikataa, mstari utabaki wazi hivyohivyo. Sitaandika kwamba nilijifundisha mwenyewe. Nitumie jibu kwa ujumbe, neno moja linatosha, na uamuzi huo usimshirikishe mtu. Ukitaka kujua ni kipi ningependelea, sikuambii, kwa sababu ungenipa.

Msalimie Mama na umsomee polepole. Akilia mwambie nakula vizuri. Msalimie kaka yangu mkubwa pale mivukutoni, na mke wake. Wifi mwambie kitenge alichoagiza nimempa huyohuyo mwalimu. Msalimie Bibi mzaa mama, umshikie mkono kwa niaba yangu, na mama yangu mdogo wa Mpanda atakapokuja kwenye mavuno ya mahindi. Dada yako Hilda anakusalimu, anasema umezaa mtoto mzito kubeba. Binti yake naye anasalimu, kwa Kiingereza.

Nakuombea usiku mwema usio na kikohozi.

Mimi binti yako,
Leokadia